Tangi la lita 60 au la lita 200 kwa vifaranga vya sikilidi (jamii ya samaki wa kufuga tangini), Bukavu
Tangi la lita 60 (sentimita 60 × 30 × 35) linabeba vifaranga 12 vya sentimita 2, basi. Wakifika sentimita 4, wahamishwe. Kulibadilishia maji kila juma ni bidoni moja ya lita 20. Shida ni usiku: umeme ukikatika, maji machache hupoa upesi, chujio linasimama na amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki) inapanda. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaotaka pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) 8.5 na zaidi, sumu hiyo ni kali maradufu, maana pH ikipanda nayo huzidi ukali.

La lita 200 huchukua 30 na hupoa polepole. Bidoni tatu kwa juma, mgongo utajua! Maji peke yake ni kilo 200. Meza ikipinda, kioo kinapasuka. Ila usiweke sita tu humo: mbabe atamwandama mnyonge mmoja mpaka mapezi yaishe. Mwenye meza imara achukue hili.