Tungnath kwa pikipiki ya kukodi: uzoefu wangu

Kama uko India kwa masomo au kazi na umekuwa ukiwaza kupanda milima ya Uttarakhand peke yako kwa pikipiki, anza na Tungnath. Ni hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, lililoko mita 3,680 juu ya usawa wa bahari, la juu kuliko yote matano yanayoitwa Panch Kedar, na ukishaegesha pikipiki Chopta, mahali barabara inapokuachia njia ya miguu, mwendo wa miguu haufiki hata kilomita tano. Nilikwenda Oktoba na Royal Enfield Himalayan ya cc 411 niliyoikodi Rishikesh kwa rupia 1,500 kwa siku. Naandika kuhusu pikipiki na njia kwa pamoja, maana milimani huwezi kuvitenganisha.

Nianze na duka, ambalo sitalitaja jina. Pikipiki ilikuwa safi na injini imetulia, ila cheni ilikuwa imelegea na pedi za breki ya nyuma zilikuwa zimebaki unene wa ukucha. Niliinama nikazimulika kwa tochi ya simu kabla ya kusaini chochote, nikasema siondoki mpaka zibadilishwe. Fundi alizibadilisha palepale, kwa hiyo mpya walikuwa nazo muda wote. Kisha wakataka kubaki na pasipoti yangu. Hilo usikubali hata kidogo: kila nyumba ya wageni utakayolala itakuomba pasipoti, na ukiiacha dukani umejifunga mwenyewe. Tuliishia kukubaliana nakala pamoja na amana ya fedha taslimu. Nikaizunguka pikipiki nikiichukua video, kila mkwaruzo, mbele ya mwenye duka.

Suala la leseni lisikupite. India wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo mwili unazoea haraka, lakini beba leseni ya kimataifa iliyogongwa muhuri sehemu ya pikipiki. Bila hiyo, ukianguka, kampuni ya bima ina sababu ya kutokulipa.

Pikipiki yenyewe naisifu bila kusita. Tenki ni lita 15, na kwa mwendo wa mlimani nilipata kama kilomita 30 kwa lita, wakati Rishikesh hadi Chopta ni takriban kilomita 200. Chopta hakuna kituo cha mafuta, kwa hiyo jaza Rudraprayag na usahau. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, na utalishukuru pale barabara inapopotea chini ya kifusi na kubaki kokoto na matope, kwa sababu linapanda juu ya mawe badala ya kugonga na kusimama. Nguvu yake iko chini: unaingia kona kali kwa gia ya pili, taratibu, na inakuvuta bila kulalamika. Haina kabureta, mafuta huingizwa kwa mfumo wa kielektroniki unaojirekebisha hewa inapokuwa nyepesi, ndiyo maana asubuhi ya Chopta, kiti kikiwa na barafu, iliwaka kwa kubonyeza mara moja. Uzito wake ni karibu kilo 200. Mimi si mrefu, lakini kiti ni milimita 800 tu, miguu yote miwili ilifika chini.

Njia inafuata mto karibu siku nzima. Devprayag simama, hata kama una haraka. Bhagirathi na Alaknanda zinakutana chini ya mji, maji ya rangi mbili yanakwenda bega kwa bega kabla ya kuchanganyika, na kuanzia hapo ndipo unaitwa Ganga. Baada ya Srinagar (si ile ya Kashmir) unafika Rudraprayag, na hapa nina habari kwa Wakenya. Mwaka 1926 mwindaji Jim Corbett alimuua hapa chui mla watu aliyehesabiwa vifo 125. Corbett huyohuyo alihamia Kenya mwaka 1947, akafariki Nyeri mwaka 1955, na kaburi lake liko hukohuko Nyeri. Nilisimama kwenye mnara wake wa kumbukumbu pembeni mwa barabara nikajisikia niko karibu na nyumbani kuliko nilivyotarajia.

Kutoka Rudraprayag unaiacha Alaknanda na kupanda na bonde la Mandakini hadi Kund, halafu Ukhimath. Nakusihi ulale Ukhimath. Wengi wanaunganisha hadi Chopta siku hiyohiyo na kupanda alfajiri, na wengi wao niliwakuta wamekaa pembeni ya njia wameshika vichwa, kwa kupanda juu haraka mno. Hesabu ni rahisi. Rishikesh iko chini ya mita 400. Chopta iko karibu mita 2,700. Waliopita njia ya Marangu kule Kilimanjaro wataelewa upesi: kutoka Chopta hadi hekaluni ni kama kutoka Mandara, mita 2,720, hadi Horombo, mita 3,720, ila kwa chini ya nusu ya umbali. Kwa miguu mwili unapata muda wa kuzoea. Injini haikupi muda huo. Ukhimath ina sababu yake pia, maana hekalu lake la Omkareshwar ndilo makao ya baridi ya mungu wa Kedarnath, hekalu jingine la Panch Kedar.

Chopta nililala kwenye chumba cha taa za sola, mablanketi mazito, mtandao wa simu wa kubahatisha. Niliondoka kulipopambazuka. Wapo wanaotoka saa tisa usiku kuwahi macheo kileleni, lakini msitu huu ni hifadhi yenye chui na dubu, na mtu aliye peke yake sioni faida ya kukimbilia giza. Njia imetandikwa mawe mwanzo hadi mwisho. Inapanda bila kupumzisha, msitu kwanza, kisha nyasi tupu, na nyumbu wa mizigo wanashuka na kengele zao shingoni. Wapishe upande wa mlima, si upande wa bonde. Kivulini mawe yalikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana, kwa hiyo viatu vya soli iliyokwisha viache. Nusu ya njia mama mmoja ana kibanda cha chai ya tangawizi na chapati za viazi, nami nilikaa pale muda mrefu makusudi, nikinywa maji na kusubiri pumzi itulie.

Hekalu ni dogo kuliko unavyodhani, la mawe ya kijivu, na limeinama. Wataalamu wa mambo ya kale wa serikali ya India walipima mwinamo wa nyuzi 5 hadi 6. Kwa simulizi za Wahindu, ndugu watano waitwao Pandava walimfuata Shiva kuomba msamaha baada ya vita, akajigeuza fahali, na hapa ndipo ilipotokea mikono yake. Mimi ni Mkristo. Nilivua viatu, nikauliza kabla ya kukaribia mlango, na kuhani, mtu wa kijiji cha Makku kama makuhani wote wa hapa, akanionyesha pa kusimama. Ndani hakupigwi picha. Nilisimama mbele ya jiwe jeusi wanaloliabudu kama Shiva na moyo umenyenyekea kabisa.

Usirudi kutoka hapo. Panda tena kilomita moja na nusu hadi kilele cha Chandrashila, karibu mita 4,000, na kama hakuna wingu utaiona milima ya Nanda Devi, Trishul, na Chaukhamba ikiwa karibu kabisa.

Kushuka kwa pikipiki, tumia gia, usining'inie kwenye breki, na ikifika saa kumi na moja jioni tafuta pa kulala. Hekalu hufungwa kwa ajili ya baridi karibu na mwanzo wa Novemba, tarehe hutangazwa siku ya Dussehra, sikukuu ya Wahindu, kwa hiyo ulizia kabla ya kukodi. Amana yangu nilirudishiwa yote, baada ya kuwaonyesha kwenye video mkwaruzo wa tenki waliotaka kunikata nao fedha.