Tairi na shokapu za bodaboda: ununue zipi, na uanze na ipi

Hela ya tairi ikipatikana, bodaboda wengi hununua la nyuma. Ndilo linaloisha haraka, ndilo linalobeba abiria. La mbele huachwa liendelee mpaka nyuzi zionekane. Mimi nasema mpangilio huo ugeuzwe: kama mfuko unatosha tairi moja zuri tu, lifungwe mbele.

Ukikamata breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, na tairi la mbele ndilo linalokata kona. La nyuma likiteleza katikati ya kona, dereva mzoefu ana nafasi ya kulegeza mafuta na chombo kikajirudi. La mbele likiteleza, usukani unajikunja na mko chini, wewe na abiria wako, kabla hujawaza lolote.

Bajaji haiinami. Inapokata kona inaegemea nje, kwa hiyo tairi lake halidhuriki kwa kuwa bapa. Pikipiki hulala kuelekea ndani ya kona, na tairi linahama kutoka mgongoni, yaani katikati, kwenda begani, yaani ukingoni. Chukua kona yenye nusukipenyo cha mita 25. Ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inalala karibu digrii 27 kutoka wima, na kila tairi linasukumwa pembeni kwa nguvu iliyo sawa na nusu ya uzito lililobeba. Lami kavu inaimudu. Lami iliyoloana kwa manyunyu ya kwanza, oili na vumbi vikiwa bado juu, inaimudu kwa shida, na changarawe haiimudu kabisa. Shuka hadi kilomita 30 na nguvu hiyo inabaki kama asilimia 28 tu ya uzito. Kazi hiyo yote inafanywa na kipande cha mpira kisichozidi kiganja cha mkono.

Ndiyo maana umbo la tairi lina uzito kuliko jina lililoandikwa ubavuni. Litazame kwa mbele: mgongo uwe wa mviringo na ushuke taratibu hadi begani. Lililolika katikati likawa bapa hupoteza mviringo huo, na ukilala kona unahisi pikipiki inaanguka ghafla juu ya ukingo. Tairi la namna hiyo limeshakwisha hata kama mabegani bado lina meno marefu.

Kwa anayezunguka mjini na kushuka mara kwa mara kwenye vumbi, ambao ndio wengi wetu, chaguo langu la kwanza ni mchanganyiko: mbele tairi la lami lenye mifereji mirefu ya kutolea maji, nyuma la meno ya wastani yaliyokaribiana. Mbele unapata breki na kona, nyuma unapata msukumo kwenye udongo.

La pili ni la lami mbele na nyuma. Kwa anayefanya kazi Kariakoo, Posta na Mwenge tu, kwenye lami ya Dar es Salaam, hili linaweza hata kupanda likawa la kwanza. La tatu ni la meno ya wastani mbele na nyuma, na hapo nawafikiria wa milimani kama Lushoto au Makete, ambako mvua ikinyesha udongo unashika kwenye mifereji midogo na tairi la lami linageuka kuwa la utelezi mtupu. Ya meno makubwa, yale ya kupasulia matope, nayaweka nne. Kwenye lami yanagusa kwa ncha za meno tu, na ukilala kona meno yanapinda, pikipiki inayumba. Kama lami unaiona mara moja kwa mwezi, sawa.

Tairi kipara lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto sina nafasi ya kuliweka. Mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba, na aliyechonga amepunguza hata huo kidogo uliokuwepo. Usinunue.

Ukifika dukani, iwe Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, soma ubavu kabla ya kuuliza bei. Tuseme umeona 3.00-17 50P. Upana ni inchi 3, rimu ni inchi 17, 50 maana yake tairi linabeba kilo 190, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Sasa piga hesabu ya mishikaki, yaani kubeba abiria wawili kwa pamoja: pikipiki ya kilo 120, dereva na abiria wawili wa kilo 70 kila mmoja, jumla 330. Karibu theluthi mbili inaangukia nyuma, yaani kilo 220. Umeshapita uwezo wa tairi na bado hujakutana na shimo.

Tafuta pia tarakimu nne za tarehe. 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Lenye zaidi ya miaka mitano liache, hasa lile lililokuwa likining'inia juani mlangoni kama pambo la duka. Mpira wake umekauka, na mpira mkavu haushiki lami ya mvua.

Tairi zuri juu ya shokapu mbovu ni hela iliyopotea. Kazi ya shokapu si kukulinda mgongo peke yake, bali kulirudisha tairi chini kila linaporuka. Na ukilala kona, shokapu zinalala pamoja nawe, ilhali shimo linapiga kutoka chini kwenda juu. Sehemu ya pigo shokapu inaimeza, sehemu inayobaki inasukuma gurudumu pembeni. Kwa sababu hiyo shimo dogo katikati ya kona linatisha kuliko kubwa kwenye mnyooko. Wenzetu wa Piaggio na Yamaha, kwenye pikipiki zao za magurudumu matatu, MP3 na Tricity, wameweka magurudumu mawili mbele yanayolala pamoja na chombo, ili moja likikosa pa kushika jingine lishike. Sisi tuna moja.

Kwa hiyo, kabla ya kununua shokapu mpya, fanya matengenezo ya mbele: oili sili mbili (mipira inayozuia oili ya shokapu isivuje) na oili mpya. Hii ndiyo nafuu kuliko zote, na naiweka namba moja. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu, achia. Ikipanda mara moja na kutulia, ni nzima. Ikicheza mara mbili tatu, oili imekufa.

Nyuma, nunua za kiwandani zenye stepu za kukaza springi: pandisha ukibeba, shusha ukiwa peke yako. Zile zenye kichupa cha gesi pembeni zichunguze vizuri, kwa kuwa nyingi za bei poa kichupa ni pambo. Za mwisho ni zile ngumu za kubebea magunia. Ukiwa mtupu zinalirusha tairi hewani, na tairi lililo hewani halina breki.

Upepo kwa pikipiki nyingi za daraja hili ni takriban PSI 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Na tairi jipya linatoka kiwandani na utelezi juu yake, kwa hiyo kilomita 100 za kwanza kata kona polepole, na mvua ikikukuta humo, polepole zaidi.