Panasonic KX-TG1611: kodilesi ya kununua Mbeya, ukijua inapougulia

Kwa nyumba, zahanati au ofisi ya parokia yenye laini ya mezani, KX-TG1611, kodilesi (simu isiyo na waya) ya Panasonic, bado ni simu ya kuaminika. Inatumia mfumo wa DECT, yaani mawimbi ya redio kati ya mkonga (kipande unachoshika) na kitako (sehemu inayokaa mezani na kuungwa kwenye laini), na inahifadhi majina 50. Betri ikiwa nzima, unaongea kama saa 15, au mkonga unakaa saa 170 ukisubiri simu. Maradhi yake ni yaleyale ya kodilesi zote, na mengi yanatibika mezani kwako.

Ugonjwa mkubwa ni betri. Mkonga unatumia mbili za NiMH (aina ya kuchaji), saizi ya AAA, volti 1.2 kila moja. Zikichoka, skrini inaonyesha zimejaa, lakini ukiongea dakika chache tu simu inalia na kukata. Chaji usiku kucha, zitoe, zipumzike saa moja, kisha pima kwa mita. Nzima husoma volti 1.25 au zaidi. Iliyo chini ya 1.1 imekwisha, na hapo badilisha zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mbovu huivuta nzima chini. Kamwe usiweke betri za kawaida za redio au tochi: kitako kitajaribu kuzichaji, zitavuja, na zinaweza hata kupasuka. Jihadhari pia na lebo za uongo. AAA ya NiMH halisi haivuki sana mAh 1,100 (kipimo cha uwezo wa betri), kwa hiyo ukiona imeandikwa 3,000, irudishe kwenye rafu. Chaji ya kwanza ni saa 7, na betri zenye uwezo mkubwa kuliko za kiwandani zinahitaji zaidi ya hapo.

Betri mpya nazo hazijai? Angalia vile vibati vya kuchajia, kwenye mkonga na kwenye kitako. Jasho na vumbi huweka utando. Sugua kwa ufutio wa penseli, malizia na pamba yenye spiriti kidogo. Hii ni kazi ya dakika tatu, na inasikitisha kuona simu inatupwa kwa ajili yake.

Mkonga ukisema hauoni kitako, kwanza hakikisha adapta ina umeme. Kisha chomoa adapta, toa betri, subiri dakika moja, rudisha vyote. Bado? Sajili upya: ingia kwenye menyu ya kusajili mkonga, shikilia kitufe cha kitako kama sekunde 5, na ukiulizwa PIN weka 0000 kama haijawahi kubadilishwa.

Sauti ikikwaruza, usiilaumu simu kabla ya kupima laini. Chomeka simu ya kawaida ya waya kwenye soketi hiyohiyo. Nayo ikikwaruza, tatizo ni waya wa nje au kiungo kilichoingia maji, na hiyo ni kazi ya fundi wa TTCL, shirika la simu. Kama laini inabeba pia intaneti ya ADSL (inayopita kwenye waya uleule wa simu), weka kichujio cha ADSL kati ya soketi na simu. Penye faiba, simu huchomekwa kwenye tundu la simu la kifaa cha intaneti, si kwenye soketi ya zamani ukutani.

Masafa ni hadi mita 50 ndani ya nyumba. Nyumba ya ghorofa, yenye zege na nondo, hupunguza hayo sana. Weka kitako juu ya kabati katikati ya nyumba, mbali na friji, televisheni na geti la chuma.

Radi za masika ya huku ndizo zinazoua kitako kabisa, maana zinaingia kwa njia mbili: umeme na waya wa simu. Kuchomoa adapta pekee hakutoshi; chomoa vyote viwili. Ukikuta laini iko bize saa zote na ukichomoa kitako inarudi sawa, kinga ya laini karibu na tundu la waya imeungua na kushikana. Fundi mwenye chuma cha kulehemu kwa risasi anaibadilisha.

Kasoro moja haina dawa ndani ya simu yenyewe: umeme ukikatika, kitako kinazima na mkonga hauna kazi hata ukiwa na chaji. Bakiza simu moja ya waya kwenye laini ya shaba.

Kwenye meza za mitumba Mwanjelwa, soma lebo kabla ya kulipa. Iliyoandikwa DECT 6.0 ni ya Marekani: adapta yake ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye 230 zetu inaungua, na hata ukiibadilisha, inarusha mawimbi ya 1920 hadi 1930 MHz, ambayo huku ni ya simu za mkononi za 3G. Unayoitaka ni ya 1880 hadi 1900 MHz, yenye adapta yake. Ikikosa adapta, mpya lazima ilingane kwa volti na upande wa chanya, na ampea zisipungue zilizoandikwa chini ya kitako.