Uzoefu wangu: upasuaji wa mtoto mwenye sindromu ya Currarino

Binti yetu alikuwa akifunga choo tangu azaliwe, na kila kituo cha afya tulichokwenda kilitupa dawa ya kulainisha choo bila kumpiga picha. Daktari wa upasuaji wa watoto katika hospitali ya rufaa ndiye aliyeagiza eksirei ya kiuno, nayo ikaonyesha kwamba mfupa ulio juu ya kifandugu una upande mmoja tu, umepinda kama mundu. Hali hiyo adimu ya kuzaliwa nayo ina jina la Guido Currarino, aliyeieleza mwaka 1981: kasoro ya mfupa huo, njia ya haja kubwa iliyo nyembamba au iliyoumbika vibaya, na uvimbe mbele ya mfupa.

Ninachokisifu zaidi katika huduma hii ni kwamba hawakukimbilia kisu. Uvimbe huo unaweza kuwa teratoma, yaani uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu za aina mbalimbali, au mfuko wa utando wa uti wa mgongo uliojaa maji yaleyale yanayozunguka ubongo, na daktari anayeupasua kupitia njia ya haja kubwa bila kujua ni upi anaweza kumsababishia mtoto homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo kilitangulia kipimo cha MRI, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kisha daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu akakaa na mwenzake wa watoto, wakakubaliana kuuziba mfuko kwanza na kuushughulikia utumbo baadaye. Sisi tulitaka yote yafanyike kwa mara moja ili gharama ipungue; walituchorea kwenye karatasi, tukaelewa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Udhaifu uko baada ya kuruhusiwa kutoka wodini, kwa sababu kisu hakirejeshi neva ambazo hazikuumbika, choo kigumu kinaendelea, na namna ya kumsafisha mtoto utumbo kwa maji ya chumvi tulifundishwa kliniki baada ya kuuliza sana, ilhali lilikuwa somo la siku za kulazwa.

Vilevile hali hii hurithiwa, mara nyingi kupitia hitilafu ya jeni iitwayo MNX1, na mzazi mwenye hitilafu hiyo anaweza kuipitisha kwa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Eksirei za wazazi tuliziomba wenyewe. Ya mume wangu ilionyesha mfupa uliopinda vilevile, naye hajawahi kulalamika kiuno wala tumbo. Sasa tunasubiri zamu ya mdogo wake binti yetu.