Venus wa Velázquez kwenye kanvasi: ipi ununue, ipi uiache

Nakala za Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, akiwa amelala ametupa mgongo na kujitazama kwenye kioo, mchoro wa Mhispania Diego Velázquez wa miaka ya 1647–51, zimejaa mtandaoni, na nyingi hazifai kutundikwa. Kasoro huanzia kwenye vipimo. Mchoro wenyewe, ulioko National Gallery, London, una upana wa sentimita 177 na kimo cha 122.5. Wauzaji wana saizi zao za kawaida. Ukichukua ya 80 kwa 60, upande wa upana lazima ukatwe karibu sentimita 7, na hapo ndipo vidole vya miguu vilivyo kushoto au kiwiko kilicho kulia huishia kwenye mkasi. Ya 90 kwa 60 ina nafuu: inapoteza kama 2 tu za kimo. Nzuri kuliko zote ni nusu kamili, 88.5 kwa 61.25, hata kama utalipia saizi maalumu.

Uliza pia kanvasi inayokunjwa kwenye mbao za fremu inatoka wapi. Ikiwa ni sehemu ya picha, mbao zenye unene wa sentimita 4 zitakula 4 kila upande. Agiza pembeni paongezwe ukanda wa rangi moja iliyokolea.

Kisha kagua kioo anachokishika Cupid, mwana wa Venus, chenye utepe wa waridi. Velázquez aliuacha uso wa Venus unaoonekana humo na ukungu makusudi, tena akauchora mkubwa kuliko kioo cha kweli kingeuonyesha. Programu za kunoa picha hudhani ukungu huo ni hitilafu, basi humtengenezea Venus kope na midomo isiyokuwepo. Omba kipande cha kioo peke yake kwa ukubwa kamili kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa, achana naye.

Shuka la chini yake leo ni la kijivu. Hapo mwanzo lilikuwa la zambarau, rangi ikafifia. Mchapaji akilitoa buluu, amechezea rangi ili ngozi ing'ae, na kwa macho yetu hilo ni kosa baya kuliko hata kukatwa vidole, kwa sababu mgongo wote hupoteza joto lake. Mgongo wa manjano nao huashiria faili lililotolewa kwenye kitabu cha zamani.

Kwa saizi ya nusu, faili liwe na pikseli 5,200 hivi upande mrefu. Hizo zinatosha kwa kutazama ukiwa hatua mbili. Wino uwe wa pigmenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, maana ule wa kawaida hupauka haraka juani. Vanishi iwe isiyong'aa, la sivyo taa ya chumbani itaonekana juu ya mikunjo yote ya shuka yenye kiza.

Zipo na zilizochapwa kinyume. Kichwa cha Venus kiko kulia. Ikifika kikiwa kushoto, irudishe.