Paipu za Maji kwa Nyumba ya Dar: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Ile elbo, kiungo cha kona cha paipu za maji, bado ninayo, nimeiweka juu ya dirisha la stoo. Ni ya PPR, plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa, milimita 20, na ukiitazama kwa nje haina kasoro yoyote. Fundi wa pili niliyemwita nyumbani Goba ndiye aliyeipasua katikati kwa msumeno wa chuma ili nijionee. Ndani, pale paipu ilipochomekwa, plastiki ilikuwa imeyeyuka ikajikunja kuwa pete nene, na tundu lililobaki lilitosha kupitisha penseli. Miezi saba nilikuwa naoga maji ya kudondoka, nikilaumu mnara wa tenki kwamba ni mfupi. Tulibomoa marumaru za ukuta mzima kwa sababu ya kitu kinachoenea kiganjani.

Tangu hapo nimesimama sana kwenye kaunta za Kariakoo, upande wa Gerezani, kwa nyumba yangu na za ndugu. Nilichojifunza ni kwamba paipu yenyewe huharibika mara chache. Kinachovuja ni kiungo. Unaponunua, unanunua paipu, viungio vyake na mkono wa fundi kwa pamoja, na ukikosea kimoja, vile viwili havitakuokoa.

Kabla hujatoa hela, tazama maji yako yanatoka wapi. Wengi wetu Dar tunategemea DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na kwa kuwa maji hayatoki kila saa tunayahifadhi: tenki la chini, pampu, tenki la juu, kisha yanashuka yenyewe. Wengine tuna kisima, na visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi. Chumvi hiyo inaamua mambo mengi, kama utakavyoona. Na tenki la juu linaamua mengine: kila mita 10 za kimo cha maji ni kama baa 1 ya presha, kwa hiyo tenki lililo mita 6 juu ya bomba lako linakupa baa 0.6 tu. Kwa nyumba ya namna hiyo usiogope paipu kupasuka. Ogopa maji kufika bila nguvu.

Ya kwanza, kwa ndani ya ukuta: PPR

Kwa nyumba ya kawaida hapa mjini sina wasiwasi kuiweka namba moja. Haishiki kutu, chumvi haiidhuru, na ikichomelewa vizuri paipu na kiungo vinakuwa kitu kimoja, hakuna gundi wala mpira wa kuchakaa. Halafu inapatikana kila mahali. Ikipungua elbo moja saa kumi jioni, unamtuma kijana na bodaboda anarudi nayo, uwe Tegeta au Mbagala.

Sasa soma maandishi yaliyo mgongoni mwa paipu. PN10, PN16, PN20: hizo namba ni presha, kwa baa, ambayo paipu imekadiriwa kuibeba maji yakiwa nyuzi 20 za sentigredi. Maji yakiwa ya moto uwezo huo unashuka sana, ndiyo maana ya maji ya moto lazima iwe nene. Kwa paipu ya milimita 20, ukuta wa PN10 ni milimita 1.9, wa PN16 ni 2.8, wa PN20 ni 3.4. Nenda na venia, kile kifaa cha kubana cha kupimia unene, hata ya plastiki, upime mwenyewe pale kaunta. Niliwahi kupewa paipu iliyoandikwa PN20, nikaipima ikaja 2.6. Muuzaji akaniambia, "Dada, zote ni hizo hizo, kampuni tu tofauti." Si hizo hizo. Maandishi anaweza kupiga yeyote mwenye mashine, lakini unene ama upo ama haupo. Tazama pia kama ukuta una unene sawa pande zote, kama ndani ni laini, na kama alama ya ubora ya TBS inasomeka vizuri.

Kuna kosa lingine ambalo hata watu makini wanalifanya. Wananunua PN20 nyumba nzima wakiamini wanajilinda. Dukani ukisema nusu inchi unapewa milimita 20, robo tatu ni 25, inchi moja ni 32, lakini hicho ni kipimo cha nje. Paipu ya 20 ya PN20 ina nafasi ya milimita 13.2 tu ndani, wakati ya PN16 ina 14.4. Kwa maji baridi yanayoshuka kutoka tenkini unalipia unene usiouhitaji, na unene huo huo unakunyima maji. Mimi ningenunua PN16 kwa maji baridi na PN20 kwa maji ya moto. Kutoka tenkini nishuke na 32, au 40 kama nyumba ina bafu tatu na zaidi, niingie kila bafu na 25, na ile ya 20 ibaki kwa kipande cha mwisho kinachokwenda kwenye koki.

Kuhusu kuchomelea: mashine inatakiwa kufika nyuzi 260. Paipu ya 20 inapashwa kwa sekunde 5, ya 25 sekunde 7, ya 32 sekunde 8. Fundi anaweka alama ya penseli kwenye paipu, kama milimita 14 kwa ile ya 20, anasukuma kwa unyoofu mpaka kwenye alama bila kuzungusha, anashikilia hadi kigande. Elbo yangu ilipashwa mno na kusukumwa mno. Kabla ya kukubaliana bei, mpe fundi kipande cha paipu na elbo moja, achomelee mbele yako, kisha mwombe aikate katikati. Mkichungulia mkaona tundu la duara lililo wazi, na kipete kidogo tu cha plastiki ukingoni, mpe kazi. Fundi anayejiamini hatachukia. Na nunua paipu na viungio vya kampuni moja, maana vipimo vinavyotofautiana kidogo tu hufanya kiungo kilegee kwenye joto.

Udhaifu wake ni jua. PPR iliyoachwa wazi juu ya paa inakuwa kama kaukau baada ya miaka, ifunike au isipite huko. Ukiwa na hita ya jua, mita mbili za kwanza zitokazo kwenye hita zifanye za chuma, kwa sababu maji pale yanaweza kukaribia kuchemka. Jambo jingine, PPR hutanuka: njia ya maji ya moto yenye urefu wa mita 10, ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, hurefuka karibu sentimita 4 na nusu. Ukipitisha darini, iache ipinde kidogo, isibanwe kila hatua.

Ya pili, na kwa wengine ndiyo ya kwanza: PEX na manifoldi

PEX ni paipu ya plastiki inayokuja kwa roli na kupinda kwa mkono. Uzuri wake unauona ukiiweka pamoja na manifoldi, ile bomba fupi nene yenye matundu mengi kila moja na koki yake. Kutoka pale kila njia inakwenda moja kwa moja kwenye sinki lake, choo chake, shawa yake, na ukutani hakuna kiungo hata kimoja. Mimi niliyebomoa ukuta kwa ajili ya elbo najua thamani ya hilo. Choo kikivuja usiku unafunga koki moja, watu wengine wanaendelea kuoga.

Sasa angalizo la hela. Paipu hizi na manifoldi nyingi zilizopo sokoni zimetengenezwa kwa nchi za baridi, ambako huzikwa sakafuni ili kupasha nyumba moto. Kule maji ya nyuzi 35 hadi 45 yanazunguka chini ya marumaru, paipu ya milimita 16 ikipangwa kwa mizunguko ambayo kwa kawaida haizidishwi mita 100, ili maji yasipoe wala pampu isielemewe. Kwa sababu maji hayo ni yale yale yanayozunguka miaka yote, paipu huwekewa tabaka la kuzuia oksijeni isipenye na kutia kutu vyuma vya boila. Manifoldi nazo huwa na vioo vidogo vya kusomea mtiririko wa kila mzunguko. Ni vitu vizuri kwa kazi yake, lakini maji yako ya bombani yana oksijeni tayari, na Dar hakuna sakafu ya kupasha. Usilipie tabaka hilo wala vioo hivyo. Unachotaka ni paipu iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya kunywa, na manifoldi ya kawaida yenye koki kila tundu. Za sakafu si zote zinazofaa kwa maji ya kunywa.

Kwa nini basi ni ya pili? Viungio vyake vinahitaji chombo maalumu, na cha kampuni moja mara nyingi hakiingiliani na cha nyingine. Kikiharibika kitu baada ya miaka mitano, je, duka lile litakuwa bado linaleta aina ile? Mafundi wanaoijua ni wachache kuliko wa PPR. Jua linaiharibu haraka. Na panya wa darini wanaitafuna. Ukiipitisha darini, iingize kwenye paipu nyingine ya kuilinda. Kama una fundi aliyeizoea na bajeti inaruhusu, ninunulie mimi pia.

Nje ya nyumba: HDPE

Kutoka mita ya DAWASA hadi tenki la chini, au kutoka kisimani, usipoteze muda na nyingine. HDPE ni ile ya plastiki nyeusi ya roli yenye mistari ya bluu. Weusi wake ni kaboni inayoikinga na jua, inakubali kupinda na mfereji, na haivunjiki gari likipita juu ya udongo, ilimradi imezikwa vya kutosha. Viungio vya kukaza kwa mkono vinatosha kwa kipimo cha nyumbani. Kata paipu kwa unyoofu, lainisha ukingo wake, sukuma mpaka ipite ule mpira, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaishia nusu njia na kiungo kinachomoka pampu ikiwaka.

PVC na chuma

PVC ya gundi ni nafuu na kwa maji baridi ya tenki inafaa, ukichagua daraja C, linalobeba baa 9, au D la baa 12. Usiiguse kwa maji ya moto. Inalainika, na gundi inaachia. Kasoro yake kubwa ni haraka ya fundi: akipaka gundi na kufungulia maji baada ya robo saa, umeshanunua uvujaji.

Paipu za GI, yaani za chuma kilichopakwa zinki, naziweka mwisho, na kwa mwenye kisima cha chumvi nasema usinunue kabisa kwa ndani ya ukuta. Zinki inaliwa, kutu inajaa ndani, maji yanatoka mekundu asubuhi, na tundu linaziba kidogo kidogo. Zina nafasi yake pale palipo na jua kali na joto, kama karibu na hita ya paa.

Brasi na koki

Popote plastiki inapokutana na koki kuna kipande chenye uzi wa kukazia wa brasi, ile shaba ya njano, na kipande hicho ndicho watu wanabania hela. Maji ya chumvi hunyonya zinki iliyomo ndani ya brasi ya kawaida. Kinachobaki ni shaba ya waridi yenye vitundu kama mkate, inayovunjika ukikaza spana. Kama una kisima, tafuta vilivyogongwa DZR au CR, yaani brasi inayohimili kunyonywa zinki. Nenda na sumaku ndogo pia: ikishika, hiyo si brasi, ni chuma kilichopakwa rangi. Isiposhika bado pima uzito kwa mkono, maana kuna aloi nyepesi ya zinki inayong'aa vizuri sana dukani. Ukifunga, tepu nyeupe ipigwe kwa mwelekeo wa uzi, na mkono usizidi, la sivyo brasi inazunguka ndani ya plastiki na kiungo kimekufa.

Weka pia koki ya kufungia kila bafu, mahali mkono unapofika.

Mwisho, kabla ya lipu, kodi pampu ya mkono ya kupimia presha. Ziba matundu yote kwa plagi, toa hewa, panda hadi baa 10 kama viungio na paipu zako zimekadiriwa zaidi ya hapo, kisha ifunge ikae usiku kucha. Mshale unaweza kushuka kidogo saa za mwanzo kwa sababu plastiki inatanuka, pandisha tena. Asubuhi ukiukuta pale pale, piga picha kila ukuta ukiwa na futi kamba imenyooshwa karibu na paipu, kisha mruhusu fundi wa lipu aanze.