Uzoefu wangu na rezini za Protini A na Protini G

Maabara ninayofanyia kazi husafisha kingamwili za sungura na za panya, kwa hiyo rezini zote mbili nazijua kwa kuzitumia. Rezini ni chembe ndogo zilizobandikwa protini inayonasa kingamwili; unazijaza kwenye kolamu (mrija wa kusafishia), unapitisha seramu, kisha unaiachisha kingamwili kwa asidi. Niseme mapema: kama kazi yako ni seramu ya sungura tu, chukua Protini A uendelee na mambo yako. Inanasa IgG (aina kuu ya kingamwili kwenye damu) ya sungura barabara, na ukipitisha glisini, myeyusho wa asidi wenye pH 3 hivi, inaachia bila ubishi.

Shida ni IgG1, aina ndogo mojawapo ya IgG, ya panya. Protini A, ambayo asili yake ni bakteria Staphylococcus aureus, huishika shingo upande, na sehemu kubwa ya mali unaikuta kwenye maji yaliyopita. Wapo wanaopandisha chumvi hadi mola 3 na pH karibu 9 ili ishike. Inasaidia, lakini mimi nimehamia Protini G. Hiyo inashika vizuri, ila kuachia ni mpaka uibembeleze kwa asidi kali zaidi, pH 2.7 au chini kidogo, na si kila kingamwili inavumilia. Ndiyo maana mirija yangu ya kupokelea huwa tayari na Trisi (bafa ya kuzimua asidi) ya mola 1, pH 9, kabla tone la kwanza halijadondoka.

Kero yangu kubwa kwa Protini G ni hii: inashika pia IgG ya ng'ombe. Kama seli zako za haibridoma (seli zilizounganishwa ili zitengeneze kingamwili) umezikuza kwa seramu ya ndama, IgG hiyo ya ng'ombe nayo inatoka pamoja na kingamwili yako, na kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa huioni, maana mistari ni ile ile, kilodaltoni 50 na 25. Tumia midia (chakula cha seli) isiyo na seramu, au seramu iliyopunguzwa IgG.

Bei inauma, usidanganyike. Kinachonifariji ni kwamba rezini inarudiwa mara nyingi ukiitunza. Chuja seramu kwa mikroni 0.45, la sivyo mafuta yataziba kolamu. Ukimaliza, ihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 20, kwenye friji, wala usiigandishe. Protini A ya kawaida usiioshe kwa sodiamu haidroksaidi. Aina zilizoboreshwa, kama MabSelect SuRe, ndizo zinazoistahimili.

Na wenye IgY, kingamwili ya kuku inayopatikana kwenye kiini cha yai, msipoteze hela: hakuna hata moja kati ya hizi inayoishika.